Kaza, Baba

Tangu aingie chuo kikuu kusomea sayansi ya michezo, nyumbani walimwita Kocha. Baba yake, mchukuzi wa magunia sokoni, ndiye aliyecheka kuliko wote: "Yaani mtu anasomea kukimbia? Mbona mbuzi anakimbia bila cheti!"

Sasa mzee hawezi kuinua hata kikombe. Ugonjwa wa misuli umemla mikono. Miaka mitatu chuoni, na Kocha hajafundishwa dawa yake. Amefundishwa kupima tu. Basi kila Jumamosi huazima kutoka maabara kifaa cha kupima nguvu za kiganja. Mwaka jana kilionyesha kilo thelathini na moja, mwezi uliopita tisa. Baba akiuliza, Kocha huziba namba kwa kidole gumba na kumjibu, "Zimepanda kidogo."

Leo mshale wa kifaa haukutikisika. Kwa mazoea ya maabara, ambako mpimaji humpigia kelele anayepimwa ili atoe nguvu zote, Kocha akapaza sauti: "Kaza, Baba! Kaza! Nguvu unazo!"

Jasho lilimtiririka mzee usoni. Kisha akasema taratibu, kama anayeomba radhi:

"Usinigombeze, mwanangu. Nimekaza tangu uliponishikisha."