Grisi ya Bunda kwenye Bunduki ya Shemeji

Hakuna kitu cha chuma kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa mtu wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nilianza kwa kufagia vumbi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba pale Bunda, wakanipa kopo la grisi, na haikuchukua muda nikawa naijua kila mashine kwa mlio wake. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kupata mashine za kusaga, aliyekuwa akiitwa ni mimi, kuanzia Butiama mpaka Kiriba. Wenye vyeti walikuja na vitabu wakashindwa. Mimi nilikuja na spana tatu, nikaondoka nimechinjiwa kuku. Nyumba yangu ilikuwa ya bati wakati wenzangu bado wanatafuta nyasi za kuezekea. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba aliyekosea hakuwa mtu asiyejua grisi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikaa Nyamuswa. Alikuwaga askari zamani za Mwingereza, na baada ya Uhuru akapata kibali cha kumiliki shotigani ya mtutu mmoja. Kijiji kizima bunduki ilikuwa hiyo. Nyati wakiingia kwenye pamba, watu hawakumngoja bwana nyama atoke mjini, walimwita yeye. Kila Jumapili akitoka kanisani aliifungua, akaipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha akaipangusa kwa kitambaa kikavu mpaka ungedhani ameyaondoa mafuta yote.

Siku moja nikiwa naenda Musoma kutafuta mkanda wa mashine, alinipa shilingi mbili na senti hamsini.

"Shemeji, mafuta ya bunduki yameniishia. Niletee yale mepesi. Kachupa kadogo tu, duka la karibu na soko wanayo."

Duka nililipata, na kachupa nilikashika mkononi. Nikakainamisha kwenye mwanga. Mafuta yalitembea mle ndani kama maji.

"Haya ndiyo ya bunduki?" nikamuuliza mwenye duka.

"Ya bunduki, ya cherehani, hayo hayo."

"Cherehani ya mama na bunduki ya mwanamume vinatumia mafuta mamoja?"

"Mzee, mimi nauza tu."

Nikakarudisha kwenye rafu. Kichwani nilikuwa na kopo langu la grisi ya Bunda, nzito, ya manjano, ile iliyokaa kwenye mashine inayozunguka tangu asubuhi mpaka jioni bila kutiririka. Kama inabeba mashine yenye uzito wa ng'ombe ishirini, itashindwa na bunduki ya kubebwa begani?

Jumapili iliyofuata nikafika kwake na kopo. Wazee kadhaa walikuwepo, wamekaa na pombe ya mtama. Nikamwekea shemeji hela zake kiganjani, moja moja, kila mtu aone.

"Hela yako hiyo. Nimekuletea kitu cha maana, cha bure."

Alichovya kidole kwenye grisi, akaisugua taratibu. "Shemeji, hii ni nzito. Bunduki haitaki hii. Ndani mle pini inatakiwa ikimbie. Na hii inashika vumbi."

"Vumbi lile la kiwandani unalijua wewe? Grisi hii imelishinda."

"Mashine inapata moto, grisi inalainika. Bunduki inalala baridi."

Jibu lilikuwa hilo, kamili, na mimi fundi nililisikia. Lakini wazee walikuwa wanatuangalia. Kwetu huku kijana huoa kwa ng'ombe walioletwa kumwoa dada yake. Mimi nilitoa kumi na wawili kwa mke wangu, na hao hao shemeji aliwapeleka kwao na mke wake. Nikacheka, nikasema:

"Umekubali ng'ombe zangu kumi na mbili, leo unakataa kopo la grisi?"

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Hapo amekukamata." Shemeji naye akacheka kidogo, akaniletea bunduki. Mtu aliyeoa kwa ng'ombe wako hawezi kukubishia mbele za watu, na hilo nililijua kabla sijafungua mdomo. Nikaifungua mwenyewe, nikashindilia grisi kila penye tundu, na penye pini nikaongeza. Mke wangu, tuliyekuwa tumefuatana naye, alisimama mlangoni. "Mwachie bunduki yake," akasema. "Wewe ni wa mashine." Nikamwambia akalete maji ninawe.

Wiki kadhaa zikapita. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, vumbi mchana na baridi kali alfajiri. Nilikuwa nimelala kijijini hapo kwa ajili ya mashine yao. Asubuhi na mapema wakaja kumwita: nyati dume yuko kwenye shamba la kijiji, na akina mama wameshatoka na vikapu. Shemeji akachukua bunduki. Nami nikafuata nyuma, nikitaka kuona kazi yangu.

Alisogea vizuri, kiaskari, akalenga. Nikasikia mlio mdogo tu wa chuma. Pini iligonga risasi kama mgeni anayeogopa kubisha hodi. Akavuta tena nyundo ya bunduki. Mlio ule ule. Nyati akageuka.

Watu walimfukuza kwa kelele na mapanga, lakini pembe ilikuwa imeshaingia pajani mwa shemeji.

Tulimpeleka hospitali ya Musoma kwa lori la pamba, amelala juu ya magunia. Siku ya tatu akaja ofisa kuuliza habari za bunduki. Alikuwa ameifungua.

"Mzee, wewe si ulikuwa askari? Nani alikufundisha kupaka bunduki grisi ya matrekta?"

Nilikuwa nimesimama kichwani pa kitanda, nimeshika bakuli la uji. Shemeji hakunitazama.

"Ni mimi," akasema. "Uzee huo."

Ofisa akatikisa kichwa, akacheka, akaandika. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema maneno mawili. Mimi ninayesema sana, siku ile nilikoroga uji.

Mguu ulipona vibaya. Tangu hapo hakushika plau. Alitembea na fimbo, akawa anaagiza watu walime anavyotaka, nao wakalima wanavyotaka wao. Nilimpelekea ng'ombe jike mwenye mimba. Akamtazama, akamshika nundu, akaniambia:

"Mrudishe, shemeji. Ng'ombe zako nilishachukua. Nikichukua na huyu, nitapakwa nini tena?"

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Kisha akaingia ndani, akatoka na shilingi mbili na senti hamsini, akaniwekea kiganjani moja moja, kama nilivyomfanyia mimi. Safari hii hapakuwa na wazee wa kucheka.

"Niletee yale niliyokuagiza."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Duka lilikuwa lile lile, kachupa kale kale, bei ndiyo ilikuwa imepanda: shilingi nne na senti ishirini. Nikalipa, nikampelekea, akapokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Kuhusu bei sikumwambia. Kwa mguu wake wote ule, kilichotoka mfukoni mwangu ni shilingi moja na senti sabini.