Tundu la Chini ya Nyundo

Orval Tvedt alikuwa mtu wa kutegemewa kuliko hali ya hewa, ingawa kwetu Dakota hiyo si sifa kubwa. Basi niseme hivi: ukimwachia ng'ombe wako, utawakuta wote. Ukimwazima koleo, litarudi limenolewa. Alifuga ng'ombe weusi kwenye ardhi ile ile aliyofugia baba yake, alioa mara moja, na alikuwa na bastola moja.

Bastola yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya silinda inayozunguka, yenye matundu sita ya risasi. Kiwanda kiliacha kuiunda Orval akingali kijana, na sababu ilijulikana: nyundo yake ilikaa juu ya risasi moja kwa moja, kwa hiyo ikianguka kwenye jiwe hufyatuka yenyewe bila kumwuliza mtu. Kiwanda kikatangaza kwamba wenye nazo wazirudishe zitiwe kizuizi, bure kabisa. Watu wa huku walicheka. Kwao ilikuwa sawa na kumhasi fahali wa mbegu: atatulia, ndiyo, lakini nani atamtaka tena? Wakashikilia dawa ya babu zao. Unatia risasi tano, na tundu la chini ya nyundo unaliacha tupu. Wapo waliojisahau, na mmoja wao hadi leo anachechemea.

Orval hakuwa wa kujisahau. Kila kijana aliyekuja kumsaidia kutia ng'ombe alama alisomewa sheria hiyo kabla hajapewa kahawa.

"Tano tu," alikuwa akisema. "Mtu anayehitaji ya sita keshakosa tano. Huyo heri akimbie."

Kwa bastola hiyo aliua nyoka wa njuga waliojificha penye chumvi ya ng'ombe, na aliwapumzisha wanyama waliovunjika miguu. Kazi hiyo ya pili hakumpa mtu mwingine aifanye. Farasi wake wa kijivu alipofikiwa na siku yake, Orval alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalia mbele ya majirani bila kujificha. Hapo ndipo mimi nilipoanza kumheshimu.

Mjini alikuwapo Lyle Krebs, muuza bastola za zamani, aliyeitamani ile ya Orval kwa sababu haikuwahi kutiwa kizuizi. Kila Orval alipoingia dukani kununua risasi, wimbo ulikuwa ule ule.

"Mzee Orval, hiyo kitu unaiburuza kwenye vumbi na mavi ya ng'ombe. Inaniuma moyo."

"Ikikuuma fumba macho."

"Niuzie basi. Au iweke kabatini, usiipige tena. Kila risasi unayopiga unajipunguzia bei."

"Lyle, wewe una mke?"

"Ninaye."

"Naye umemweka kabatini?"

Duka zima lilicheka, na Lyle akacheka nao, maana alijua kutaniwa.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, ng'ombe walipoanza kuzaa, Orval alimwita mbwa wake kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Baadaye aliacha lango wazi, ndama wakafika hadi barabara kuu. Alijicheka. Mkewe Ardith naye alicheka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyeendesha trekta vizuri kuliko mumewe, na mumewe alilikiri jambo hilo hadharani.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Orval aliisafisha bastola juu ya meza ya jikoni, akaitia risasi, akaichomeka kwenye mkanda wake na kuuning'iniza kwenye kigingi kando ya mlango. Kisha alilala kidogo. Mlango huo ndio Ardith alioupita kila asubuhi na kikapu cha mayai, na sakafu yake ilikuwa ya mawe.

Jumapili moja ya Agosti hiyo Ardith alikuwa kwa dada yake, aliyekuwa amepasuliwa nyonga. Kesho yake asubuhi Orval aliutwaa mkanda ili aende malishoni. Huku kwetu anayeishika bastola huikagua kwanza, hata kama ni yeye mwenyewe aliyeiweka. Akafungua kilango cha ubavuni, akaizungusha silinda kwa kidole gumba, akilisubiri lile tundu tupu lipite. Halikupita. Akazungusha tena, polepole. Vitako vya risasi tu: shaba, shaba, shaba, mpaka mwisho.

Aliketi kwenye benchi na buti moja mguuni. Alitafuta wa kumlaumu, hakumpata, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeingia nyumbani. Ndipo hofu ikamshika, hofu ya kweli. Aliutazama mkanda, akayatazama yale mawe, akamwona moyoni Ardith akipita pale na kikapu chake.

Angeweza kutoa risasi moja akanyamaza. Nani angejua? Wanaume wengi wangefanya hivyo, na wengine wangezitoa zote wakaitia bastola kwenye droo. Lakini Orval hakujidanganya. Mkono uliosahau tano utasahau na droo. Akampigia Lyle simu.

Lyle alifika na pikapu yake vumbi tupu. Orval alimkabidhi bastola kilango kikiwa wazi na silinda ikiwa haina kitu.

"Twende tuipige nyuma ya ghala," Lyle alisema. "Mara moja tu, ya kuagana."

"Hapana."

"Sasa mbona leo, mzee? Miaka yote umenisema mpaka nikakata tamaa."

"Bastola haina kasoro, Lyle. Kasoro ni yangu. Nimeanza kusahau."

Lyle alivua kofia. Alilipa alichokuwa akikitaja siku zote, hakupunguza.

"Siku ukitaka kuiona, njoo dukani."

"Nikija kuiomba usinipe," Orval alisema. "Hata nikikasirika. Hata nikikutukana."

Wakapeana mikono juu ya hilo.

Jioni Ardith alirudi. Alikiona kigingi kitupu, akauweka mkoba wake chini. Orval hakungoja aulizwe.

"Nimeiuza."

"Kwa Lyle?"

"Kwa Lyle. Jana niliweka sita, Ardith. Sita."

Alitazamia ashtuke. Ardith alivuta kiti, akakaa.

"Najua unaziweka," alisema.

"Utajuaje, na jana hukuwepo?"

"Jana sikuwepo. Jumapili zingine nilikuwepo. Ukishalala nilikuwa natoa moja. Tangu ng'ombe walipozaa."

Masikio ya Orval yaliwaka. "Na wewe umekaa kimya tu."

"Ningekuambia ungeiacha kwa sababu nimekuambia. Nilitaka uamue mwenyewe, ungali unaweza."

Hasira ilimpanda, ikakaa, ikashuka. Alimtazama mwanamke huyo kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa pale nyumbani.

"Na usiku ulikuwa unalala vipi?"

"Nilikuwa silali."

Orval alipiga magoti kwa taabu, akamvua viatu kimoja kimoja, ingawa jua lilikuwa bado halijatua.

"Basi leo lala," alisema.