Umeme wa Baba

Baba alipoanguka na kupoteza kauli, tulimlaza nyuma ya pazia, palepale sebuleni kwetu, mtaani Bigo. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Kila asubuhi mama aliketi kando yake akampa habari za ng'ombe: yupi kazaa, yupi anachechemea, mchungaji kachelewa tena. Akimaliza kuuliza jambo alinyamaza kidogo, kama anayesubiri jibu, kisha akaendelea.

Majirani wakaanza kusema mama amechanganyikiwa. Basi baba mdogo akaitisha kikao cha familia, amkataze kuongea na "maiti inayopumua". Alitamka hivyo hivyo, na hadi leo sijamsamehe. Mimi nafundisha fizikia sekondari; yeye alikuwa ameshiba video za sayansi za kwenye simu.

"Mutu ni ubongo, na ubongo ni courant, umeme tu," alisema. "Ya mukubwa yangu ilishakatika. Weye mwalimu wa fizikia, ambia mama yako ukweli."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira.

"Baba mudogo, courant ninaifundisha kila siku. Ninajua namna inapita mu fil, mu ile waya, mpaka lampe inawaka. Lakini kwa nini kuko mutu ndani anaona ule mwangaza na anasema 'ni mimi'? Ile haina formule. Wakubwa wa fizikia, bamoja banaitafuta mpaka ndani ya atome, bengine banasema ni bure. Bangali banabishana. Usitumie somo yangu kwa kuzika baba angali muzima!"

Mama aliinua uso. "Kumbe ananisikia?"

Ningeweza kumpa alichotaka, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimetoka kumkemea mtu kwa kuisemesha fizikia isichokijua. Singeanza mimi kufanya vilevile, hata kwa mama.

"Sijue, mama. Na fizikia haijue."

Akainamisha kichwa. Nilijichukia. Kisha akakaza kitenge chake kiunoni, akainuka.

"Kama haijue, isinikataze basi."

Akapita upande wa pili wa pazia. Tulimsikia akimweleza baba kwamba yule ng'ombe wa mabaka amezaa jike, na kwamba safari hii hatakubali ndama auzwe.

Baba mdogo alitikisa kichwa, akasogeza kiti chake karibu na changu. Aliinama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio, akaanza kuniuliza tutamzika wapi, hapa mjini au kule shambani kwa ukoo.

"Baba mudogo," nikasema kwa sauti ya kujaza nyumba nzima, "kama courant ilishakatika, kwa nini unanong'ona?"

Alitazama pazia. Kiti alikirudisha mahali pake taratibu, amekiinua kwa mikono miwili, bila kukiburuta.