Siku Tuliyompeleka Mama Kwao

Mama mkwe wangu alizaliwa ndani ya msitu ambao leo ni hifadhi ya taifa. Jina la hifadhi silitaji. Ni huko juu milimani, mbali na kwetu Usagara. Lami ikishaisha mnaanza kuomba mvua isinyeshe. Wajerumani ndio waliochora mpaka wa kwanza, Waingereza wakausogeza, na sisi tulipojitawala tukaikuta ramani tayari, watu bado wamo ndani. Mama alikuwa mwari wakati viongozi walipopanda kuitisha mkutano, wakasema msitu ni mali ya taifa, kwa hiyo wanakijiji wahame. Waliokataa wakaletewa askari.

Habari za askari mmoja nilizisikia tangu nilipoolewa. Mama yake mama mkwe alikuwa kitandani, hajiwezi. Askari yule alimpiga teke la ubavuni, akamwambia aache kujifanya mgonjwa. Wakambeba kwenye machela ya miti huku nyumba zinawaka nyuma yao, akafia njiani.

Mwaka jana mama akasema anataka kupaona kwao kabla macho hayajamwishia. Mume wangu akaazima gari.

Getini tulipewa kijana wa kutuongoza. Alikuwa na adabu, alimwamkia mama shikamoo, akamtafutia na fimbo. Tulitembea polepole mpaka kwenye uwazi uliowekwa mabenchi ya wageni, bonde lote likiwa chini yetu. Kijana akasimama katikati akaanza maelezo yake.

"Hapa zamani walikuwapo wavamizi. Walikata miti wakalima iliki. Serikali ikawaelimisha, wakaondoka kwa hiari yao."

"Nani kakwambia?" mama akamuuliza.

"Ndivyo tulivyofundishwa, bibi."

"Hapo ulipokanyaga palikuwa na jiko la mama yangu."

Kijana akatazama chini, akasogea pembeni kidogo, kisha akaendelea kutuonyesha ndege. Mama aliona shina la iliki limejiotea kando ya benchi, akainama kuchuma jani. Kijana akamwambia kwa upole kwamba hairuhusiwi. Akaliachia.

Tulipotoka tuliingia kwenye mgahawa mdogo nje ya geti. Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke wa makamo. Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango alikaa baba yake, mzee mmoja amejifunika shuka, mguu mmoja umekatwa gotini. Ni ugonjwa wa sukari, binti yake akatueleza, huku anatuwekea chapati. Akaongeza kwa fahari kwamba baba yake alikuwa askari wa msitu huu, tangu enzi za kuwahamisha watu.

Mama akaacha kutafuna. Akamtazama yule mzee kwa muda mrefu, halafu akaondoka mezani akaenda kukaa mbele yake.

"Una kovu nyuma ya sikio," akamwambia. "La panga."

Mzee akaligusa. "Ninalo. Nani wewe, mama?"

Mama akamtajia kijiji, akamtajia jina la baba yake. Akamkumbusha kitanda, na teke. Alisema yote bila kupandisha sauti, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Tulitumwa," akasema.

"Kupiga teke mlitumwa?"

Mzee akajivutia shuka. Mama akauelekeza mkono kwenye shuka. "Mguu uliokatwa ndio ule wa teke?"

"Ule ulikuwa wa kulia. Huu uliokatwa ni wa kushoto."

"Basi wamekosea mguu."

Mzee akacheka, kicheko kikavu. "Hawajakosea. Huo mwingine nao umeanza kuoza. Daktari amesema wataukata."

"Alhamdulillahi," mama akasema.

Sitasema uongo, nilifurahi. Kisha nikamwona yule binti amesimama na birika mkononi, chai inamwagika sakafuni na hajui.

"Mama, huyu ni mgonjwa," akasema.

"Na mama yangu alikuwa mgonjwa."

Mume wangu akamshika mama bega. "Mama, twende." Mama akautoa mkono wake, akarudi mezani, akamaliza chapati. Alikula yote. Yule binti hakurudi mezani kwetu. Mzee alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, akamwomba mwanawe ageuze kiti kitazame ukuta.

Njiani mama alilala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Tulipokwisha kuteremka mlima mume wangu akasimamisha gari ghafla kando ya mashamba ya mkonge, akashuka, akasimama ametupa mgongo. Nilimwona mabega yanatikisika. Sikumfuata. Nisingejua nimwambie nini, kwa sababu aliyekuwa anamlilia sikumjua, mama yake au yule mzee.

Mama akaamka. "Mbona tumesimama?"

"Gari limechemka, mama."

"Basi likipoa twende," akasema. "Sijaswali adhuhuri."