Mahali pa Kumlaza Garikai

Garikai Mhizha hutengeneza friji mjini Francistown, Botswana, na penseli ya ufundi haimtoki sikioni hata anapovaa koti la sherehe. Aliuvuka mpaka wa Zimbabwe kwa nia ya kukaa miezi sita. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili.

Kila tarehe kumi na nane Aprili, sikukuu ya uhuru wa nchi yetu, chama chetu cha kuzikana hukutana katika uwanja wa kanisa. Huimba wimbo wa taifa. Kisha, kabla nyama haijapakuliwa, kila mwanachama husimama akataja ukoo wake na kijiji anakotaka kurudishwa atakapokufa. Mimi, katibu, huandika kwa wino. Siku ndugu watakapogombania maiti, daftari ndilo litakalosema kwa niaba ya asiyeweza tena kusema.

Miaka yote Garikai alisimama wa kwanza, na sauti yake ikasikika hadi barabarani: yeye ni wa ukoo wa Moyo, wa Gutu, alazwe kando ya baba yake.

Novemba iliyopita alimzika mkewe, Keitumetse, Mtswana wa papa hapa mjini. Wiki moja kabla ya sikukuu, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji yangu, aliniambia kwamba pembeni ya kaburi lile shemeji zake wamemwachia nafasi ya mtu mmoja. Nilimuuliza ameamua nini. Akanijibu kwamba gesi ilikuwa imevuja.

Siku ilipofika aliletwa kwa gari na Modise, kaka wa marehemu, ambaye hakukosa neno.

"Shemeji, kwenu leo mnasherehekea nini? Giza la umeme kukatika?"

"Giza letu wenyewe," alisema Garikai. "Nyinyi hata taa mnawashiwa na jirani."

Modise alicheka, akaegemea gari lake nje ya uzio kumsubiri. Haikupita robo saa, mwenzetu mmoja aliyetoka nyumbani juzi akaanza kusifu mvua na mahindi ya mwaka huu. Garikai akamgeukia kwa ukali uleule. Alimkumbusha kwamba baba yake alikufa akisubiri dawa isiyoletwa, na kwamba kama nchi imenoga kiasi hicho, basi la kurudi huondoka saa nane. Kisha wimbo ukaanza, naye akauimba akiwa amefumba macho, mashavu yamelowa. Nilisoma historia chuo kikuu, na bado sikuweza kutambua kama yale yalikuwa mapenzi au hasira. Labda hata swali langu lilikuwa baya.

Mwenyekiti wetu, Mai Sekesai, alimwita wa kwanza, kama desturi.

"Moyo," alisema Garikai, akaishia hapo. Macho yake yalielekea kwenye uzio, kwa Modise.

"Baba, umesahau kwenu?" mtu alimtania kutoka nyuma. "Nyama inapoa."

Watu wakacheka. Garikai naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono ghafla.

"Gutu. Kando ya baba yangu."

Wakampigia makofi. Mai Sekesai alipokuwa akimtafuta wa pili, Garikai alikuja mezani kwangu, akaniinamia na kuniita kwa jina la ukoo wangu.

"Soko, umeshaandika?"

"Bado."

"Mdomo umezoea, ndiyo maana umesema. Nikilala kule, Keitumetse atabaki peke yake. Nikilala hapa, baba ataniuliza nilipotelea wapi. Nchi yenyewe naichukia kuanzia Jumatatu, ikifika leo naililia. Sijui, Soko. Kweli sijui."

Nilimweleza kanuni, ingawa anaijua kuliko mimi: mstari ukiachwa wazi, chama hakina pa kumpeleka. Nilihisi napaswa kuongeza neno la busara, lakini nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyoandika kijiji changu kwenye ukurasa wa kwanza, haraka, kabla sijapata muda wa kujiuliza.

Aliutazama mstari wake mtupu. Kisha akaichomoa penseli sikioni, akailaza juu ya daftari langu.

"Andika Gutu," alisema. "Kwa hii."

Niliifunika kalamu ya wino, nikaandika taratibu, bila kukandamiza. Garikai alihakikisha neno limeandikwa kwa penseli, akaenda kumpelekea Modise sahani ya nyama nje ya uzio.