Mama Alipoigiza Chifu

Wiki jana hapa ugenini, mjini Silver Spring, nilienda kuona mchezo ulioandikwa na kina mama Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Kabla waanze, mmoja wao alichoma majani ya mkaratusi. Moshi uliponifikia nikakumbuka siku moja kijijini kwetu.

Nilikuwa mtoto, nimesimama nyuma ya matawi ya mkaratusi, pazia letu pale uwanja wa kanisa. Mama, mto umefungwa tumboni, alikuwa anaigiza chifu kwa mchezo aliotunga mwenyewe. Watu walicheka mpaka chifu mwenyewe akatokea na askari.

"Mama, kimbia! Watakufunga!" nikapiga kelele. Nikaanza sala ya Baba Yetu, maneno yakanipotea.

Askari akamshika mkono. Mama akauweka mto sawa, akamkazia macho. "Wewe askari, ngoja. Chifu bado anaongea."

Hakuna aliyecheka.