Panki Mikononi mwa Mama

Mjomba alinikalia mapajani, mama akanibana mabega, na mzee wa kukanda akakamata kichwa changu kama anayetaka kung'oa muhogo. Tulikuwa mkekani nyumbani kwetu Mabatini, asubuhi kweupe.

“Babu, unajua unachokivuta?” nilimuuliza.

“Chuo kimemharibu huyu,” mzee akamwambia mjomba. “Hata akichinjwa atauliza kisu kimenolewa wapi.”

Mjomba akacheka. Mzee akazungusha. Kitu kilitoa mlio ndani ya fuvu langu, moto ukashuka begani, ukapasua kiwiko, ukalipukia kwenye kidole gumba. Mkono wa kulia ukafa. Wa kushoto ulikuwa hai: nilimtwanga mzee ngumi ya mdomo. Damu ikamjaa kwenye fizi. Nilimpiga mtu niliyemwamkia shikamoo muda mfupi uliopita, na sikujuta. Nilichojutia ni kwamba nililala pale kwa hiari yangu.

Daktari alikuwa ameshanionyesha kwenye picha diski mbili za shingo zilizochomoza na kubana mishipa ya fahamu. Alinipa dawa na mazoezi, akanionya nisikubali mtu yeyote anizungushe shingo. Nilifanya mazoezi miezi minane huku nikiyashuku. Maumivu yalipungua wiki mbili, yakarudi na kunichapa kama mwizi. Ndipo nikajiambia: kama sijamjaribu mzee, nitajuaje kwamba anakosea? Huo ndio ujinga wa msomi.

Na mkono huo ndio uliokuwa unatulisha. Shahada yangu ya ualimu ilikuwa ndani ya bahasha. Kazi yangu ilikuwa kukata mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, ambayo mama huikaanga na kuiuza. Panga juu, panga chini, shingo imeinama kutwa. Baada ya kukandwa, panga liliniponyoka mara tatu. Mara ya tatu lilichimba ardhi kando ya mguu wa mama.

“Jumamosi anarudi,” mama akasema. “Amekusamehe. Anasema kuna pingili moja haijakaa.”

“Nikizungushwa tena, huu mkono haurudi, mama.”

“Hayo umeyasoma wapi, chuoni au kwenye bahasha?”

Nikavuta panki kutoka kwenye beseni, nikabana mkia wake kwa goti. “Shika kichwa. Zungusha.”

Akazungusha, kama alivyofanya kila siku ili mifupa ienee kwenye karai. Ikalia. Ute ukabubujika katikati ya pingili, na kiuzi cheupe kilichopita ndani yake kikakatika. Safari hii mama aliangalia.

“Hiki kiuzi na wewe unacho?”

“Ninacho. Matawi yake ndiyo yanayokuja mkononi.”

Akalibamiza lile panki ukutani mpaka likasambaratika.

Jumamosi mzee alikuja, mdomo bado umevimba. Nilimwamkia. Marahaba yake ilikuwa fupi. Mama alisimama mlangoni na panga mkono mmoja, panki mkono wa pili. Akamtupia panki kifuani.

“Zungusha hilo kwanza, baba. Likiogelea, nitakupa shingo ya mwanangu.”

Mzee akalitazama panga, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga.

“Dada! Umemfukuza mtu mzima kwa samaki?” mjomba akasema.

“Wewe uliyemkalia mwanangu, njoo.” Akamkabidhi panga. “Kata.”

Tangu siku hiyo mjomba ndiye anayekata, huku akinitukana kila anapochubuka. Mimi husimama kwenye ukuta uleule wenye doa la samaki, navuta kidevu nyuma kama daktari alivyonielekeza, nasaga meno. Siku nyingine maumivu hunipiga teke mpaka napiga magoti. Nilimuuliza daktari kama ni mazoezi yanayosaidia au ni muda tu. Akasema hajui. Kwa mara ya kwanza nikamwamini.

Jana nilifunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia. Kimoja. Vilivyobaki alivifunga mama, akilalamika kwamba nanuka dawa ya kuchua.